Georges Lemaître: Padri wa Mlipuko Mkuu

Huenda umewahi kuambiwa kwamba nadharia ya Mlipuko Mkuu ni ya watu wasiomwamini Mungu. Basi mfahamu Georges Lemaître, aliyezaliwa mwaka 1894 mjini Charleroi, Ubelgiji. Alikuwa askari wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akasoma hisabati na fizikia, kisha akapadrishwa mwaka 1923.

Mwaka 1927, akifundisha Chuo Kikuu cha Leuven, alitumia milinganyo ya Einstein kuonyesha kuwa ulimwengu unapanuka, ndiyo maana galaksi za mbali zinazidi kutengana nasi. Einstein aliikubali hesabu, fizikia yake akaikataa. Mwaka 1931 Lemaître akapiga hatua nyingine: ukiufuata upanukaji huo kinyumenyume utafika kwenye chanzo kimoja kidogo, chenye msongamano mkubwa mno, alichokiita atomu ya mwanzo.

Hapa ndipo penye mtego kwako mtahiniwa. Usiandike kwamba alibuni nadharia hiyo ili kuitetea Biblia. Wapo wanasayansi waliomshuku hivyo, naye hakutaka kuwapa sababu. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia Chuo cha Kipapa cha Sayansi akionyesha kuwa sayansi mpya inamshuhudia Muumba. Ungetarajia padri ashangilie, sivyo? Hakufurahi. Kwake, mwanzo unaochunguzwa na fizikia si kitu kimoja na uumbaji unaofundishwa na dini. Asiyeamini aliweza kuikubali nadharia yake na kubaki vilevile. Mwamini naye hakupata humo ithibati ya kuwepo kwa Mungu. Jiulize: vipimo vipya vikiipindua nadharia, imani iliyojengwa juu yake itasimama wapi? Mwaka uliofuata, Papa alipozungumza na wanafalaki mjini Roma, hakuirudia hoja hiyo.

Hata hivyo hakuacha upadri wala hakugombana na Kanisa. Kuanzia mwaka 1960 alikuwa rais wa chuo kilekile cha Kipapa.

Ukiulizwa kama sayansi inathibitisha kuwa Mungu yupo, mfano wake hauwapi ushindi wanaosema ndiyo, wala wanaosema sayansi imemwondoa Mungu. Ueleze hivyo hivyo.

Mwaka 1966, akiwa mgonjwa, aliletewa habari kwamba mnunurisho uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na wenye joto kali ulikuwa umegunduliwa. Alifariki tarehe 20 Juni mwaka huo.