John L. Sullivan: Bingwa wa ngumi aliyehukumiwa jela kwa pambano ambalo wote wawili walikubali

Julai 8, 1889, kwenye kijiji cha Richburg, jimbo la Mississippi, Marekani, wanaume wawili walipigana mikono mitupu chini ya jua kali kwa saa 2 na dakika 16. Zilikwenda raundi 75. Mshindi, John L. Sullivan, aliondoka na ubingwa wake, halafu akajikuta kizimbani.

Sullivan alizaliwa Oktoba 15, 1858, Roxbury, Boston, na wazazi waliotoka Ireland. Jamaa alikuwa na nguvu za ajabu na alipenda sana chupa. Mwaka 1882 alimpiga Paddy Ryan na kuwa bingwa, akawa mmoja wa wanamichezo maarufu kuliko wote Marekani.

Shida ilikuwa moja: kazi yake ilikuwa kosa la jinai karibu kila alikokwenda.

Kukubaliana hakukutosha

Wengi wangeuliza, kama wawili wamekubaliana kupigana, serikali inaingiaje? Majaji wa wakati ule hawakuliona hivyo. Mwaka 1876, mahakama ya juu ya Massachusetts, jimbo la nyumbani kwa Sullivan, ilisema wanaopigana kwa makubaliano wote wana hatia ya shambulio. Mwaka 1882 majaji wa Uingereza nao wakafikia hapo hapo kuhusu ngumi za kulipwa.

Hoja yao ni kwamba ngumi kavu zinavuta umati, kamari na fujo, na zinaweza kuua. Kwa hiyo si suala la wawili tu, ni la amani ya jamii nzima. Mtu hawezi kutoa ruhusa ya kuvunja amani ambayo si mali yake peke yake.

Pambano la kujificha

Ndiyo maana pambano na Jake Kilrain, lenye dau la dola 10,000 kwa kila upande, lilipangwa kimyakimya. Gavana Robert Lowry alikuwa amelipiga marufuku. Mashabiki walipanda treni New Orleans bila kuambiwa wanapelekwa wapi.

Raundi ya 44 Sullivan alitapika, lakini aligoma kuacha. Baada ya raundi ya 75, kona ya Kilrain ikarusha sponji kukubali yaishe.

Baadaye Sullivan alirudishwa Mississippi na kushtakiwa katika mji wa Purvis. Hukumu: miezi 12 jela. Alikata rufaa, na mwaka 1890 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta hukumu kwa sababu hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro. Hata hivyo, haikusema kwamba kukubaliana ni utetezi. Mwishowe Sullivan alikiri kosa na kulipa faini ya dola 500.

Kilrain, aliyepokea kipigo, naye hakupona. Alipewa miezi 2 na faini ya dola 200. Kifungo alikitumikia kwa mwenye kiwanda cha mbao ambaye pambano lilifanyika kwenye ardhi yake.

Glavu zabadili mambo

Sullivan alikoma kutetea ubingwa bila glavu. Kufikia hapo, New Orleans ilikuwa imeruhusu mapigano ya glavu ndani ya klabu za michezo zilizosajiliwa. Septemba 7, 1892 alipanda ulingoni humo mbele ya watu, taa zikiwaka, na hakuna aliyekimbia polisi. James J. Corbett alimwangusha raundi ya 21.

Mwaka 1905 aliacha pombe, akawa anazunguka kuwaonya watu juu yake. Alifariki Februari 2, 1918, akiwa na miaka 59.

Tofauti ya Richburg na New Orleans haikuwa ridhaa, maana ridhaa ilikuwepo kote kuwili. Kilichobadilika ni kanuni, glavu na kibali, na mpaka leo hivyo ndivyo sheria za nchi nyingi zinavyomtenganisha bondia na watu wawili waliokubaliana kutoka nje wakazipige.