Samuel Johnson: Jamaa wa Makovu Aliyeandika Kamusi

Ukiskia TB unawaza kifua na kikohozi, si ndio? Hilo jina kifua kikuu linatuchezea. Ugonjwa huohuo unaweza kushika tezi za shingo zikavimba, hata zikapasuka. Ndio uliompata Samuel Johnson.

Alizaliwa 1709 mjini Lichfield, Uingereza, babake akiuza vitabu. Inasemekana aliambukizwa akiwa mtoto mchanga, kupitia maziwa ya mama aliyelipwa kumnyonyesha. Jicho la kushoto likafifia, sikio moja likawa zito. Enzi hizo Waingereza waliamini mguso wa mfalme au malkia huponya tezi hizo. Basi 1712 mamake akampeleka London, akaguswa na Malkia Anne na kuvishwa medali ya dhahabu shingoni. Wapi! Mwishowe tezi zilipasuliwa bila dawa ya ganzi, na makovu yakabaki usoni na shingoni. Siku hizi ni tembe, kwa kawaida miezi 6, na hospitali za umma hapa Kenya huzitoa bure.

1728 akaingia Oxford. Viatu vilikuwa vimechoka hadi vidole vikachungulia. Mtu akamwachia jozi mpya mlangoni, naye akaitupa kwa hasira. Hapo namwelewa kabisa. Kukosa doo unaweza kuvumilia, lakini kuonewa huruma ndio noma. Baada ya miezi 13 pesa ziliisha, akatoka chuoni bila digrii.

Kutafuta kazi ya ualimu kukawa balaa. Karatasi hana, na juu ya makovu, uso na mwili wake ulikuwa ukishtuka-shtuka wenyewe. Shule moja ilimkataa ikihofia vile wanafunzi wangeathirika. Akafungua yake, wanafunzi wakawa wa kuhesabu kwa vidole, akafunga. 1737 akahamia London na mmoja wa wanafunzi hao, David Garrick, aliyekuja kuwa mwigizaji supastaa. Johnson akahasoo kwa kuandikia magazeti.

1746 wauza vitabu wakampa kandarasi ya kamusi ya Kiingereza. Aliifanya kwenye dari la nyumba yake, na wasaidizi wachache wa kunakili. Ilitoka 1755, ikiwa na maneno zaidi ya 42,000. Muda mfupi kabla itoke, Oxford ndio ikakumbuka kumpa digrii.

Alifariki 1784. Ile medali iliyoshindwa kumponya aliivaa maisha yake yote.