Maisha ya Bibi Daktari Alice Hamilton

Wengi wetu tumesoma habari za Pasteur na vijidudu vyake. Lakini si wengi waliosikia habari za Bibi Alice Hamilton, ambaye adui yake hakuwa kijidudu, bali vumbi na moshi wa kazi za kila siku. Nimeona vema niwasimulie maisha yake kwa kifupi.

Alizaliwa New York tarehe 27 Februari, 1869, akalelewa katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Utotoni alifundishwa nyumbani. Alipokua alichagua kazi ya uganga, akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 1893. Kisha alikwenda Ujerumani kuongeza elimu. Huko wanawake waliruhusiwa kusikiliza mafunzo, ila kwa sharti la kukaa kimya wasionekane sana.

Mwaka wa 1897 alipata kazi ya ualimu Chicago, akakaa Hull House, nyumba ya Bibi Jane Addams iliyokuwa katikati ya mitaa ya maskini waliotoka nchi za ng'ambo. Mwaka wa 1902 homa ya matumbo iliwaua wengi mtaani. Alice alikusanya nzi, akawapima, akaandika ya kuwa hao ndio walioeneza ugonjwa. Watu walimsifu sana. Baadaye ikajulikana kwamba bomba la maji lilikuwa limepasuka, maji machafu yakaingia ndani yake, na wakubwa wa mji walilificha jambo hilo. Tangu hapo alijua kwamba mchunguzi asiridhike na jibu la kwanza, hata akisifiwa.

Hapo Hull House aliwaona wanaume wenye nguvu waliogeuka kuwa weupe kama karatasi, matumbo yakiwakata, mikono imelegea kwenye vifundo. Walikuwa na sumu ya madini ya risasi. Mwaka wa 1910 serikali ya jimbo la Illinois ilimpa kazi ya kuongoza uchunguzi wa magonjwa ya kazini. Je, alianzia wapi? Hakungoja wagonjwa waje kwake. Alisoma daftari za hospitali, akauliza wauza dawa na mapadre, akapanda ngazi za nyumba za wafanyakazi na kuzungumza na wake zao. Kila alipopata mgonjwa, aliuliza: mtu huyu hufanya kazi gani, na wapi? Hivyo aligundua kazi zaidi ya 70 zilizotumia risasi.

Siku moja alimkuta Mpolandi aliyeugua sana, kazi yake kupaka enameli bafu za chuma. Alice alikwenda kiwandani, akaonyeshwa chumba safi ambamo hapakuwa na hatari yo yote. Akarudi kwa wafanyakazi, nao wakamwambia ya kuwa bafu zenyewe hupakwa katika jengo jingine. Huko unga hunyunyizwa juu ya chuma chenye moto mkali, na vumbi lake hujaa hewani. Alichukua unga ule ukapimwa, ikaonekana ya kuwa risasi imo tele.

Wenye viwanda walisema kosa ni la wafanyakazi wasionawa mikono. Alice alikataa. Alionyesha ya kuwa hata mtu anayenawa vizuri huugua akivuta vumbi la risasi kutwa nzima. Basi dawa ni kuliondoa vumbi lenyewe, na hilo ni jukumu la mwenye kiwanda. Mwaka wa 1911 jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kuwalinda wafanyakazi, na kuwataka wapimwe na daktari kila mwezi.

Mwaka wa 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwita, naye akawa mwalimu wa kwanza mwanamke chuoni hapo. Hata hivyo hakuruhusiwa kuingia klabu ya walimu, wala kuandamana nao siku ya kutoa shahada. Alistaafu mwaka wa 1935 bila kupandishwa cheo. Alifariki tarehe 22 Septemba, 1970, akiwa na umri wa miaka 101. Miezi mitatu baadaye Marekani ilipata sheria ya usalama kazini kwa nchi nzima.

Habari hii yatuhusu nini sisi? Mwaka wa 1925, katika mkutano wa Washington, Alice alionya juu ya hatari ya kutia risasi katika petroli. Hakusikilizwa. Nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, yaani miaka 80 baadaye. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu, wakubwa kwa watoto. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea katika mahakama za juu hata mwaka wa 2024.

Hapa kwetu Remera nawaona vijana wakikwangua rangi kuukuu milangoni, vumbi likiwafunika nywele. Jioni hurudi nyumbani na nguo zile zile, wakawabeba watoto wao. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto mdogo hudhurika na risasi upesi kuliko mkubwa, kwa kuwa ubongo wake ungali unakua. Kulowesha rangi kabla ya kuikwangua, kubadili nguo na kuoga kabla ya kumshika mtoto, ni mambo madogo yenye faida kubwa.

Nanyi wanafunzi mtakaokuwa waganga, mgonjwa ajapo kwenu msiishie kumwuliza anaumwa wapi. Mwulizeni pia anafanya kazi gani.