Semmelweis, daktari aliyehesabu vifo vya wamama mpaka akafikia chanzo

Mwezi wa nne mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna nchini Austria, wamama 312 walijifungua kwenye kliniki ya kwanza ya uzazi. Kati yao, 57 hawakurudi nyumbani. Mwezi wa sita, katika vyumba vile vile na chini ya mkuu yule yule, walijifungua wamama 268 na waliokufa walikuwa sita tu. Aliyeleta mabadiliko hayo ni daktari kijana wa miaka 28, Ignaz Semmelweis, na kitu alichoongeza ni beseni la maji ya klori. Wakaaji wa Beni na Butembo, walionawa klori kwenye kila mlango wakati wa Ebola kati ya 2018 na 2020, wanaijua harufu yake.

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 mwezi wa saba mwaka 1818 huko Buda, mji ulio kando ya mto Danube na ambao leo ni sehemu ya Budapest, nchini Hungaria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Mwaka 1837 alitumwa Vienna kusoma sheria, lakini hakukaa sana huko, akahamia udaktari na kupata shahada yake mwaka 1844. Alitaka kuwa daktari wa magonjwa ya ndani. Nafasi ilikosekana, akaingia katika uzazi, na mwezi wa saba mwaka 1846 akawa msaidizi wa Profesa Johann Klein, mkuu wa kliniki ya kwanza.

Hospitali hiyo ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Zote zilipokea wamama maskini bila malipo, nao walikubali kuhudumiwa na wanafunzi. Kliniki ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari, ya pili ilifundisha wakunga. Mama hakuchagua pa kwenda. Kliniki zilipokezana siku za kupokea, kwa hiyo aliyeshikwa na uchungu leo alikwenda ya kwanza, wa kesho akaenda ya pili.

Mji mzima ulijua tofauti. Kuanzia 1841 hadi 1846, kliniki ya kwanza ilihesabu uzazi 20 042 na vifo 1 989, karibu mama mmoja katika kila kumi. Ya pili ilihesabu uzazi 17 791 na vifo 691, chini ya asilimia 4. Ugonjwa uliokuwa ukiua uliitwa homa ya uzazi: siku chache baada ya kujifungua mama alipanda joto, tumbo likavimba, na mara nyingi mtoto wake naye alikufa. Wamama walioangukia siku ya kliniki ya kwanza walipiga magoti wakiomba wahamishwe. Wengine walichelewa makusudi na kujifungulia njiani, na jambo la kushangaza ni kwamba hao wa njiani waliugua kidogo kuliko waliolala kitandani mbele ya maprofesa.

Waganga wakubwa wa wakati ule walikuwa na maelezo tayari. Wengi walisema ni hewa mbaya inayotanda juu ya mji. Semmelweis aliuliza jinsi gani hewa hiyo hiyo ingeingia mlango mmoja na kuuacha wa jirani. Wengine walitaja msongamano, lakini kliniki ya pili ndiyo iliyojaa zaidi, kwa sababu wamama waliikimbilia. Kulikuwa pia na padri aliyepita kati ya vitanda na kengele yake akienda kuwapa wagonjwa sakramenti ya mwisho, na watu walidhani hofu ndiyo inayoua. Padri aliombwa apite njia nyingine na kengele inyamaze. Vifo havikupungua. Wamama wakalazwa ubavu wakati wa kujifungua, kama walivyofanya wakunga. Bado havikupungua.

Mwishoni mwa mwaka 1846 serikali iliunda kamati ya uchunguzi. Kamati ililaumu wanafunzi, hasa wale wa kutoka nchi za nje, kwamba mikono yao ni mikali wanapowapima wamama. Idadi yao ikapunguzwa kutoka 42 hadi 20, na wageni karibu wote wakafukuzwa. Na kweli, vifo vilishuka: mwezi wa pili mwaka 1847 walikufa wamama 6 kati ya 312. Kamati ingeweza kufunga faili na kupongezana.

Lakini wanafunzi hawakuongezwa tena, na mwezi wa nne vifo vilirudi na kufika asilimia 18. Kilichobadilika ni kingine. Tangu mwezi wa kumi Semmelweis alikuwa ameondolewa kwenye nafasi yake ili mtangulizi wake aishike tena, na alirudishwa kazini tarehe 20 mwezi wa tatu. Ni yeye aliyekuwa na desturi ya kupasua maiti za wamama asubuhi, akitafuta chanzo cha ugonjwa, kabla ya kwenda kuwapima walio hai. Hilo hakuliona mara moja, na alipoliona baadaye alikiri wazi kwamba ameua wengi bila kujua.

Jibu lilikuja kupitia kifo cha rafiki. Semmelweis alikuwa safarini Venice mwezi ule wa tatu. Aliporudi alikuta kwamba Jakob Kolletschka, profesa wa uchunguzi wa maiti, amefariki. Mwanafunzi alikuwa amemchoma kidole kwa kisu wakati wa kupasua maiti. Semmelweis alisoma ripoti ya mwili wa rafiki yake na kukuta mambo yale yale aliyoyaona kwa wamama: usaha tumboni, kifuani, hadi kwenye ngozi ya ubongo. Kolletschka hakuwa mwanamke wala hakuwa amejifungua. Kilichomuua kilitoka kwenye maiti, kikaingia kwa kisu. Basi kwa wamama kiliingia kwa vidole.

Hapo kila kitu kilishikana. Wanafunzi wa udaktari walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kwenye vitanda, ilhali wakunga hawakupasua maiti. Mama wa njiani hakupimwa na mwanafunzi yeyote. Kabla ya mwaka 1840, madaktari na wakunga walipofundishwa wakiwa wamechanganywa katika kliniki zote mbili, vifo vya kliniki hizo vilikuwa karibu sawa. Tofauti ilianza walipotenganishwa.

Sabuni haikuondoa harufu ya maiti mikononi. Katikati ya mwezi wa tano mwaka 1847, Semmelweis aliamuru kila anayeingia anawe kwa maji ya klori, na baadaye kwa chokaa ya klori kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei. Mwezi wa sita vifo vilikuwa asilimia 2,2, wa saba 1,2.

Kisha vikapanda tena. Mwezi wa kumi mwanamke mwenye saratani ya mfuko wa uzazi alilazwa kitanda cha kwanza, na daktari na wanafunzi walianzia kwake kila mara. Walikuwa wananawa mlangoni tu. Kati ya wamama 12 waliokuwa wakijifungua pamoja naye, 11 walikufa. Semmelweis alitambua kwamba sumu haitoki kwa maiti peke yake, inaweza kutoka pia kwa mgonjwa aliye hai, na akaamuru kunawa baada ya kila mgonjwa. Mwaka 1848 wote, kliniki ya kwanza ilihesabu vifo 45 katika uzazi 3 556, yaani asilimia 1,27. Ya pili ilikuwa na 1,33. Miezi miwili ya mwaka huo ilipita bila hata kifo kimoja.

Kwa nini hakusikilizwa? Kiburi cha maprofesa kilichangia, maana nani angependa kuambiwa kwamba mikono yake ndiyo inayoua? Ila wapinzani wake hawakuwa wajinga wote. Homa ya uzazi ilikuwa na desturi ya kuja na kuondoka, na kushuka kwa miezi mitatu minne kungeweza kuwa bahati. Kamati ile ilikwisha kudanganywa hivyo. Mikrobi ilikuwa haijajulikana, kwa hiyo Semmelweis hakuweza kuonyesha kitu chenyewe. Na zaidi ya yote, hakuandika. Rafiki yake Ferdinand Hebra ndiye aliyetangaza habari hiyo gazetini, na mbali na Vienna wengi walielewa kwamba suala ni maiti tu. Mwenye takwimu nzuri kuliko wote alizifungia kwenye meza yake.

Mwezi wa tatu mwaka 1849 Klein alikataa kumwongezea mkataba. Mwaka uliofuata alipewa kibali cha kufundisha, lakini kwa kutumia sanamu tu, bila maiti. Aliondoka Vienna ghafla bila kuaga hata marafiki waliompigania. Katika kliniki aliyoiacha, vifo vilipanda mwaka 1854 hadi takriban asilimia 9.

Mjini Pest alipokea kitengo cha uzazi cha hospitali ya Mtakatifu Rochus, bila mshahara. Kati ya 1851 na 1857, wamama 933 walijifungua huko na homa ya uzazi iliua wanane. Mwaka 1855 akawa profesa wa chuo kikuu, miaka miwili baadaye akaoa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, miaka 14 baada ya beseni la kwanza. Kimejaa takwimu na hakisomeki kwa urahisi: kinarudia mambo, kisha kinageuka ugomvi. Kilipopokelewa vibaya, aliandika barua za wazi akiwaita maprofesa wa Ulaya wauaji, na hata waliokuwa tayari kumsikiliza wakajitenga.

Ndugu zake waliona akibadilika. Mwezi wa saba mwaka 1865 Hebra alimpeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili karibu na Vienna, kwa kisingizio cha kumwonyesha hospitali mpya. Alipogundua mtego alijaribu kutoka, akazuiwa kwa nguvu. Uchunguzi wa maiti yake ulionyesha majeraha, na wanahistoria wengi wanaamini walinzi walimpiga. Kidonda cha mkononi kilioza, sumu ikaenea katika damu, ugonjwa wa aina ile ile uliomuua Kolletschka. Alifariki tarehe 13 mwezi wa nane, akiwa na miaka 47.

Siku moja kabla, huko Glasgow nchini Uingereza, daktari Joseph Lister alikuwa ameanza kutibu mguu uliovunjika wa mtoto kwa kitambaa chenye dawa ya kuua mikrobi. Hakuwa amesikia habari za Semmelweis. Mwaka 1879 Louis Pasteur aliwachorea waganga wa Paris kijidudu cha homa ya uzazi. Nyumba ya Buda alimozaliwa Semmelweis leo ni makumbusho ya historia ya udaktari, na mabaki yake yamewekwa humo.