Ibn Majid: Mwalimu wa bahari aliyebebeshwa lawama ya Vasco da Gama

KASESE. Marobota mengi ya vitenge yanayofunguliwa Bwera kabla ya kuvushwa Mpondwe kwenda Kasindi yalianza safari baharini. Yalishushwa Mombasa, yakapita Malaba na Kampala, yakafika Kasese kwa lori. Mfanyabiashara wa mpakani anaijua vizuri njia ya lori. Njia ya majini wachache huiulizia, ingawa kwa karne nyingi ndiyo iliyounganisha Afrika Mashariki na Uarabuni na Bara Hindi.

Aliyeandika habari za njia hiyo kwa ukamilifu kuwapita waliomtangulia ni Ahmad ibn Majid. Alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 huko Julfar, bandari iliyokuwa karibu na Ras al-Khaimah ya leo, katika Falme za Kiarabu.

Aliishi zama za Mwamko wa Ulaya. Ni wakati ule ambapo Christopher Columbus alivuka Atlantiki mwaka 1492, na Leonardo da Vinci akachora picha ya Mlo wa Mwisho mjini Milan. Majina hayo mawili hufundishwa shuleni. La Ibn Majid husikika kidogo, na likisikika, mara nyingi huja na doa: kwamba ndiye aliyewauzia Wareno njia ya kwenda India.

Kazi yake aliirithi. Baba yake na babu yake walikuwa walimu wa bahari, hasa Bahari ya Shamu. Neno mwalimu halikuwa la darasani peke yake. Mabaharia wa pwani walimwita hivyo mtu anayeongoza chombo kwa nyota, upepo na kumbukumbu. Baba yake alitunga shairi la zaidi ya beti 1,000 kuhusu hatari za Bahari ya Shamu. Mwana hakuishia kurithi. Alisafiri mwenyewe katika njia zile, akalinganisha aliyoambiwa na aliyoyaona, na palipokuwa na kosa akasahihisha.

Hakuwaogopa hata wakubwa wa fani yake. Aliwaheshimu waandishi watatu wa zamani wa habari za bahari, lakini alisema wazi kwamba walikusanya maneno ya watu bila kuyapima kwa safari zao wenyewe. Yeye alijihesabu wa nne baada yao, na kwake mwalimu wa daraja la juu alikuwa yule anayejua, aliyejaribu na anayeandika.

Chombo chake kikuu cha kupimia kilikuwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Mwalimu alishika uzi kwa meno, akaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na wa juu kwenye nyota. Kwa hesabu ya vidole alijua amefika kaskazini au kusini kiasi gani. Nyota ya Kaskazini huteremka kadiri chombo kinavyokwenda kusini, hadi hupotea ikweta, mstari uleule unaopita karibu na Kikorongo, katika barabara ya kutoka Mbarara kwenda Kasese. Kwa pwani ya Mombasa na Kilwa ilibidi kutumia nyota nyingine, na Ibn Majid aliandika zipi.

Aliandika pia majira. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na India. Kusi ikavirudisha, lakini katikati ya Kusi bahari huchafuka na safari hufungwa. Aliyechelewa kutoka bandarini alikaa na mzigo wake miezi kadhaa. Kwa mfanyabiashara, tarehe ya kuondoka ilikuwa na uzito sawa na bei ya bidhaa. Ibn Majid aliwashauri walimu wakague chombo kikiwa bado nchi kavu na kujua kasoro zake, na wasikipakie kupita kiasi.

Kazi zake zinazojulikana ni takriban 40, nyingi zikiwa mashairi, kwa kuwa shairi ni rahisi kukariri usiku penye giza na mawimbi. Kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitab al-Fawa'id, kilikamilika karibu mwaka 1490. Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 1500.

Kati ya tarehe hizo mbili ndipo lilipotokea jambo lililochafua jina lake. Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, akagombana na wenyeji, akasonga mbele hadi Malindi. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimpokea na kumpa mwongozaji. Waliondoka Aprili 24, na baada ya wiki nne hivi wakafika karibu na Calicut, India. Miaka michache baadaye, mwaka 1505, Wareno waliteka Kilwa na kuichoma Mombasa, na biashara iliyokuwa huru kwa vyombo vya mataifa mengi ikaanza kudaiwa vibali vyao.

Miongo kadhaa baadaye mwandishi wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliandika kwamba mwongozaji huyo alikuwa Ibn Majid, na kwamba Wareno walimlevya hadi akatoa siri. Katika karne ya 20 mwanazuoni Mfaransa Gabriel Ferrand aliikubali habari hiyo, ikaenea vitabuni.

Lakini maandishi ya Wareno wenyewe, waliokuwa na mwongozaji huyo chomboni, yanamtaja kuwa mtu wa Gujarat, India. Julfar si Gujarat. Ibn Majid alikuwa ameshazeeka wakati huo, na katika maandishi yake hakuna mahali anaposema aliwaongoza Wareno. Wala njia ya Malindi hadi India haikuwa siri. Wafanyabiashara wa Gujarat na wa pwani waliipita kila msimu, na yeyote kati ya walimu wengi waliokuwa bandarini angeweza kuionyesha. Watafiti wengi wa leo wamemwondolea lawama.

Mpakani, neno kwamba fulani amewauza wenzake hufika Kasindi kabla ya lori kuwasha injini, na aliyetajwa hukosa mkopo na wateja kabla hajaulizwa. Ibn Majid alibeba neno la namna hiyo kwa zaidi ya miaka 400, akiwa kaburini, hana wa kumjibia. Yaliyomsaidia ni maandishi: tarehe zake mwenyewe, na daftari za safari za waliodaiwa kuwa wateja wake. Asingeandika, leo angejulikana kwa jambo moja tu, tena ambalo hakulifanya.