John Aitken: Mhandisi aliyehesabu vumbi la mawingu

WINGU la mvua halijengwi na maji pekee. John Aitken, mwanasayansi aliyelithibitisha jambo hilo kwa vipimo, alifariki mwaka 1919, lakini kazi yake ingali na uzito kwa mkulima wa majani chai wa Birongo, Kisii, ambaye mvua ya mawe ya alasiri moja yaweza kumharibia mavuno.

Aitken alizaliwa Septemba 18, 1839 mjini Falkirk, Scotland. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Glasgow na kujifunza kuunda meli, lakini udhaifu wa afya ulimlazimu kuiacha kazi hiyo. Alirejea Falkirk na kufanya utafiti nyumbani kwa vifaa alivyojiundia.

Mwishoni mwa 1880 alieleza jaribio lililomjengea jina. Mvuke ulipoingia katika chombo chenye hewa ya kawaida, ukungu ulitanda. Hewa ilipochujwa kwa pamba, ukungu haukutokea. Mfaransa Coulier alikuwa ameliona jambo kama hilo mwaka 1875, ila Aitken alilifuatilia zaidi: kila tone la wingu huanzia kwenye chembe ya vumbi, moshi au chumvi ya bahari. Baadaye alibuni kifaa cha kuzihesabu chembe hizo, akazipima mijini na milimani. Mwaka 1917 alitunukiwa Nishani ya Kifalme ya Royal Society. Alifariki Novemba 14, 1919.

Miaka ya 1960, picha za setilaiti zilionyesha mistari ya mawingu meupe baharini. Ilibainika kuwa ni nyayo za moshi wa meli: chembe zikizidi, matone huwa mengi na madogo, nalo wingu hung'aa zaidi na laweza kukawia kunyesha.

Nchini Kenya, makampuni ya chai ya Kericho yaligharimia ndege za kupeleka chembe za iodidi ya fedha mawinguni mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 ili kupunguza mawe. Mwaka 1982, watafiti walichapisha matokeo kwamba takataka za majani chai zenyewe zina viini vinavyogandisha maji kuwa barafu, nazo huenda zikapeperuka hadi mawinguni wachumaji wanapopita.

Setilaiti huuona moshi na wingu kutoka juu, lakini kutambua ni chembe gani iliyozaa barafu bado kunahitaji vipimo vya karibu, kazi aliyoianzisha Aitken. Kwa wakulima wa chai, jibu lake huenda limo chini ya michai yao wenyewe.