Yellapragada Subbarow (1895–1948)
Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, twamkumbuka Yellapragada Subbarow, mzaliwa wa Bhimavaram, kusini mwa India. Ujanani alitamani utawa. Mama yake akamkatalia, naye akasomea udaktari. Mwaka 1923 alifika Boston, akawa mtafiti Harvard. Baadaye, katika maabara ya Lederle, kundi lake liliunda asidi ya foliki, vitamini ambayo seli huhitaji ili zizaliane, kisha dawa za kuizuia: aminopterini na methotreksati. Sidney Farber aliwapa aminopterini watoto 16 wenye saratani ya damu. 10 wakapata nafuu, ingawa ya muda. Taarifa ilichapishwa Juni 1948. Agosti Subbarow akafariki. Methotreksati ingali ikitibu. Utawa alionyimwa aliutimiza maabarani: yeye alipanda, wengine wakavuna, nasi twajifunza kutenda bila kudai tunda.